Pilipili Machoni kwa Ajili ya Eufrazia

Jumamosi, 3 Julai 1976
Eufrazia, mpiga taipu wa ofisini kwetu, kasema mwanamume asiyekunywa hucheza dansi kama amebeba mtungi kichwani. Alisema akiniangalia mimi! Moyo wake uko kwa Kasimiri, mpiga tarumbeta, anayekunywa bia tangu asubuhi na kuvuta bangi mpaka macho yanakuwa kama nyanya za Mgeta. Shida yangu: bia nikiinusa tu, natapika. Lakini nani atajua? Chupa ya bia, ndani chai baridi. Sabuni ya unga, ipate povu. Pilipili kidogo machoni. Kasimiri kwisha!

Jumapili, 4 Julai
Dansi la alasiri. Pilipili haikuwa kidogo. Nilimkaribisha Eufrazia tucheze. Wimbo ulipoisha nikaambiwa nimecheza na nguzo. Lakini alicheka! Akasema, "Boni, leo umechangamka!" Nikapiga funda kubwa kwa furaha. Povu likatokea puani. Ndipo akaingia Mosi, mgambo, anasaka wavuta bangi. Kasimiri alikuwa na msokoto nyuma ya sikio. Mosi akampita, akanikamata mimi! Kasimiri akamwomba anichukue taratibu, eti nimezidiwa. Nimekokotwa mbele ya ukumbi mzima. Eufrazia kaona yote. Siku tukufu!

Jumatatu, 5 Julai
Baraza la kata. Watu pomoni. Nikasikia wakinong'ona kwamba walevi watapelekwa kulima Gairo miezi sita. Nikajikaza, Eufrazia alikuwa benchi la mbele. Mwenyekiti, Mzee Benedikto, akainusa chupa. Akaionja. Akatema.
"Hii ni chai," akasema. "Na kuna mtu kaifulia nguo."
Kicheko! Nikasimama. "Shikamoo mzee. Mimi ni mlevi. Ulizeni yeyote."
Wakamwuliza Eufrazia. Akaapa kwamba Krismasi nilitapika kwa harufu tu ya kizibo. Kaniokoa. Kaniua! Nimeachiwa bila hata onyo.

Jumanne, 6 Julai
Balaa juu ya balaa. Baraza limeniteua Kijana wa Mfano. Kesho nihutubie madhara ya ulevi. Tangazo limebandikwa mlangoni pa ukumbi wa dansi, jina langu kwa herufi kubwa. Kasimiri kanipa mkono wa pongezi. Kwa mkono wa pili alikuwa amemshika Eufrazia.

Jumatano, 7 Julai, Sabasaba
Nimehutubia. Niliposema sijawahi kunywa, watu wakapiga miayo. Mama mmoja akaanza kuchambua mchicha. Ulimi ukateleza. Nikasema samahani, nilificha ukweli: nilikuwa mlevi wa kupindukia, nimelala mitaroni, nimeuza godoro la bibi yangu. Mchicha ukaanguka. Paskalia, mwimbaji wa kwaya, akalia kwa kwikwi. Sikuwahi kuona kwamba ni mzuri kiasi kile. Baadaye kanifuata, akauliza nilianza kunywa lini. Nikasema nikiwa na miaka sita. Akanishika mkono! Anataka Jumapili niisimulie kwaya nzima.

Nafikiri ile miaka sita nitaishusha iwe minne.