Vesti Arobaini na Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba

Makindu. Leo nimerudisha vesti arobaini za ligi yetu ya kisahani, ile frisbi ya kurushiana uwanjani. Nimezifua mwaka mzima! Maji ya hapa yana chumvi, sabuni haitoi povu hata ukiomba. Ndiyo sheria: timu ikishika mkia, nahodha wake anafua za mazoezi na za mechi hadi msimu ujao. Msimu uliopita mkia ulikuwa wangu. Msimu huu sifui. Afue Mulinge, nahodha mwenzangu, yule fundi wa pikipiki aliyekuwa akinicheka nikianika.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata njia. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Kavata wa chekechea, hugawa timu kwa kura ili zilingane. Lakini fomu ina nafasi ya kuandika mwenzako mmoja unayetaka mwe timu moja, kwa sababu wengi huja wawili wawili kwa pikipiki. Mlango ni huo! Nitamwandika Kasyoki, mwenye mbio kuliko wote. Kasyoki atamwandika Wanjiro, anayerusha kutoka goli hadi goli. Wanjiro atamwandika kaka yake. Mnyororo! Nilimnunulia Kasyoki soda baridi. Akasema, "Hiyo ni sawa, shemeji." Akili ni mali.

Ijumaa, 5 Septemba

Majina yamebandikwa. Timu yangu: mimi, Kasyoki, na Kalunde. Kalunde! Mama mkwe wangu! Mamake Syombua, mke wangu! Alikuja kutoka Nuu wiki jana kwa ajili ya kliniki ya sukari, na kwa kuwa hawezi kulala kwa mkwe, amelala kwa Kasyoki, mpwa wake. Daktari akamwambia afanye mazoezi. Nilimuuliza Kasyoki soda yangu ilienda wapi. "Shemeji, nilimwandika aunty, hana mtu wa kumleta uwanjani. Ningefanya aje?" Waliobaki kwenye timu ni wa kura tu. Wanjiro ameangukia kwa Mulinge.

Mbio kwa Mwalimu Kavata. Nikamweleza mambo ya nthoni, ile heshima yetu Wakamba: mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hawagusani, hawatazamani machoni. Akasema anaijua vizuri, yeye si mgeni Ukambani. Lakini anayejiunga mara ya kwanza hahamishwi kama meza. Tena sheria ya mwenzako mmoja ilipitishwa kwa pendekezo langu mwenyewe, mwaka ule nilipotaka kucheza na jirani yangu mrefu. Mwanamke huyu hasahau kitu.

Jumamosi, 6 Septemba

Mechi ya kwanza kati ya mbili za msimu. Kaptura mbele ya mama mkwe haiwezekani, kwa hivyo nimecheza na suruali ya kanisani. Nilimweka kona ya mbali, mimi kona nyingine. Sikumrushia kisahani hata mara moja. Syombua alicheka mpaka akakaa chini. Tulifungwa. Mwishoni timu zote hushikana mabega kwa duara. Nilijifanya natafuta kiatu. Nilikuwa nimevaa viatu vyote viwili.

Lakini kuna jambo. Kasyoki alipomrushia, mama alikidaka kwa leso, na hakuna aliyeruka mbele yake. Nani atamkaba mama wa watu mwenye leso na raba? Akafunga mara mbili, maana bao ni kukidaka tu ndani ya goli, lile eneo la mwisho wa uwanja. Nimeanza kuwaza.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango mpya. Mimi nampa Kasyoki, Kasyoki anampa mama, adabu inawashika wengine mikono. Nilimtuma Syombua amwombe mama asimame golini asisogee. Jibu likaja kupitia kwa Syombua: daktari alisema akimbie, hakusema asimame.

Jumamosi, 13 Septemba

Mechi ya mwisho, na Mulinge, aliyefungwa pia Jumamosi iliyopita. Anayefungwa anashika mkia, anafua. Mama alifunga mabao matano! Kumi na mbili kwa kumi na mbili, limebaki bao moja la kuamua. Kasyoki akarusha, nikaruka, nikadaka kwenye kona ya goli. Nikapiga kelele! Timu ikanirukia. Upepo ulikuwa umemjaza Mulinge, aliyekuwa akinikaba, vumbi machoni, hakuona kitu. Mchezo huu hauna refa. Mchezaji mwenyewe ndiye husema ukweli. Nami nilijua. Mguu wa kushoto ulikanyaga nje. Lakini nani angesema?

Mama mkwe alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Akageuza uso kando, kama heshima inavyotaka, akamwambia Kasyoki, "Hebu uliza mkwe wangu, mguu ulikuwa ndani ama nje?"

Kasyoki akaniuliza. Nikatazama chini. Mama huyu alinipa binti yake nikiwa sina hata baiskeli. Nikasema nje. Dakika mbili baadaye Wanjiro akarusha, Mulinge akafunga. Niliumia, sifichi. Nilitaka kulia na suruali yangu ya kanisani.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada Mwalimu Kavata alinikabidhi vitu viwili hapo nje: gunia la vesti, na cheti cha mchezaji muungwana wa msimu. Watu walipiga makofi. Mulinge pia, kwa nguvu kuliko wote. Mama mkwe amemwambia Syombua kwamba aliolewa na mtu wa kweli. Nilifurahi sana. Moyo ulilainika karibu robo saa nzima. Nimeapa mbele ya Syombua: hila basi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefua vesti kumi na nne. Povu hakuna. Mulinge amepita, akapunguza mwendo wa pikipiki, akauliza kama nahitaji kamba zaidi ya kuanikia.

Nikakumbuka kitu. Mulinge pia ameoa! Mama mkwe wake yuko Tseikuru. Nimempigia simu mtu ninayemjua huko, nikauliza kama mama huyo ana sukari. Hana. Ana presha. Presha nayo inataka mazoezi. Nimemtumia mama huyo fomu ya msimu ujao, na kwenye nafasi ya mwenzake nimeshamwandikia: Mulinge.