Mbuzi wa Kuazima Zizini kwa Hafsa

Jumatatu, 12 Mei

Ushindi! Kamati ya msikiti imenipa mimi kazi ya kuleta mbuzi wa kuchinjwa Idd. Si Sefu. Mimi, Shutu! Kila mwaka huwa ni Sefu, naye hutembea Kikoneni yote kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyewaumba hao mbuzi. Maskini akipata, matako hulia mbwata. Leo alinipa mkono wa pongezi. Mkono ulikuwa wa baridi. Nilifurahi mno.

Mbuzi ni wangu. Yaani ni wa Hafsa, mke wangu. Alianza na jike mmoja aliyepewa na mamake, akamtunza hadi zizi likajaa. Lakini Hafsa ni wangu, kwa hiyo ni yaleyale. Nilipompa habari alisema sawa, madume nichukue, majike nisiwaguse. Hao ndio watakaompeleka binti yetu Twaiba chuo cha uuguzi Septemba. Akanirudilia mara tatu, kama anayemfundisha mtoto alifu.

Kikwazo ni kimoja. Mzee Abubakar, mwenyekiti wa kamati, hapokei mbuzi bila cheti cha daktari wa mifugo. Ati kuna ugonjwa wa sotoka ya mbuzi umeingia huko mpakani, na mnyama wa Idd hatakiwi kuwa na ila. Mzee huyu hupenda kujifanya anajua kila kitu.

Na mbuzi wetu wanakohoa!

Jumatano, 14 Mei

Wanakohoa wote. Makamasi yanawatiririka. Hafsa anashikilia kuwa ni moshi wa makumbi ya nazi ninayochoma zizini kufukuza mbu. Hebu msikie! Marehemu babangu alichoma makumbi maisha yake yote na hakulalamika hata siku moja, alikohoa tu.

Nimeulizia jinsi daktari anavyopima. Anatia kijiti cha pamba puani mwa mbuzi, anakitumbukiza kichupani, kichupa kinapelekwa maabara ndani ya barafu kama samaki. Huko kuna mashine inayotafuta kirusi. Kikiwa kidogo kisichoonekana, mashine inakizidisha, inakizidisha tena, mpaka kionekane. Hii si dhuluma? Kitu kikiwa kidogo si kiachwe kiwe kidogo? Hata mtu mwema kama mimi akizidishwa namna hiyo hakosi kupatikana na dosari.

Lakini hapimi zizi zima. Anachagua wachache. Hapo ndipo akili inapoingia.

Alhamisi, 15 Mei

Nimerudi kutoka Lunga Lunga, kule mpakani, kwa mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Tembo. Nilimwomba aniazime mbuzi wawili walionona, wapimwe badala ya wetu. Nilikwenda nimejiandaa kubembeleza. Wapi! Alikubali kabla sijamaliza. Hakutaka chochote. Akasema niwachukue leo, sasa hivi, tena nisiwe na haraka ya kuwarudisha. Akawapakia kwenye bodaboda kwa mikono yake, akatutazama mpaka tukapotea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nadhani pia ni mjinga kidogo.

Mbuzi wenyewe wanang'aa kama waliopakwa mafuta ya nazi. Nimewatia zizini na wenzao. Hafsa aliuliza wametoka wapi. Nikamwambia ni wageni. Akasema mgeni asiyejulikana hukaa barazani kwanza, haingizwi ndani moja kwa moja. Hafsa ana maneno.

Ijumaa, 16 Mei

Daktari ni msichana! Winrose Munee, mtu wa bara, gumbuti zinamfika magotini. Alinipa shikamoo, hilo sikatai, kisha akaniambia tuanze na hawa wasee wawili wa hapa mbele. Wasee, yaani majamaa! Anazungumza juu ya mbuzi. Ndio wasomi wetu hao.

Lakini hawa wa mbele ni nani? Wa Tembo! Nilikuwa nimewafunga mlangoni tangu alfajiri na majani mabichi mbele yao. Akawatia vijiti puani, wakapiga chafya, kazi ikaisha. Nilikaribia kucheka.

Ndipo akataka wa tatu. Nikamwambia wengine ni wakali. Wakati huohuo yule jike mkongwe, wa kwanza kabisa wa Hafsa, anayekohoa kuwashinda wote, akajileta mwenyewe na kuiweka pua yake kwenye glavu ya daktari. Msaliti! Amekula majani yangu miaka mingapi?

Daktari aliuliza kama wote ni wa zizi hili. Nikamwapia kwamba wamezaliwa hapahapa na nawajua kama wanangu. Hafsa akakohoa, na moshi haukuwapo.

Jumatatu, 19 Mei

Tembo hapatikani kwenye simu. Bila shaka ana shughuli nyingi.

Nimesikia kioja cha Sefu. Naye alipimiwa mbuzi wake, na bila kuulizwa akamwambia daktari kuwa wawili amewanunua mwezi uliopita, akawafungia mbali na wenzao mpaka alipowaamini. Alisema yote hayo kwa hiari yake! Mtu na akili zake timamu anajitolea ukweli bure. Ndiyo maana hatafika popote.

Mbuzi wa Tembo wamepunguza kula. Wamezoea majani ya Lunga Lunga, wanadeka.

Jumatano, 21 Mei

Lo! Lo! Lo!

Majibu yametoka. Mbuzi wawili wana kirusi cha sotoka. Ni wale walionona! Yule mkongwe mkohozi ni msafi, hana hata chembe.

Nilimwambia daktari mashine yake imebabaika. Akanieleza polepole, kama anayesema na mlevi, kuwa mashine haitazami unono, inatafuta kirusi chenyewe, na kirusi humwingia mbuzi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote. Kikohozi cha wengine ni moshi tu. Hafsa akaokota kumbi lililoungua nusu, akanitupia miguuni.

Kisha daktari akauliza imekuwaje ndugu wawili waliozaliwa hapahapa wawe na ugonjwa na wengine wasiwe nao. Nikamwambia ni mambo ya umri. Hafsa akasimama, akamweleza yote: Tembo, bodaboda, mlango, majani. Yote! Mke wa ndoa!

Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliuliza tu wamelala zizi moja usiku ngapi, akaliangalia zizi, akamshika Hafsa bega. Karantini. Hakuna mbuzi kuingia wala kutoka. Mzee Abubakar alipiga simu, akasema Mwenyezi Mungu atufanyie wepesi, na kwamba kazi ya Idd amempa Sefu. Hakunigombeza. Wazee wa siku hizi hawana hata ukali.

Jumatatu, 26 Mei

Wa Tembo wamekufa. Wetu wameanza. Midomo imejaa vidonda, machozi yanawatoka, wanaharisha maji matupu. Daktari Winrose anakuja kila siku. Anasema kirusi hakina dawa, anachoma sindano za kuzuia maradhi mengine yasiwamalize. Hafsa anawaosha midomo kwa maji ya chumvi, mmoja mmoja, na kuwanong'oneza. Nilijaribu kusaidia. Akaninyang'anya bakuli.

Leo amekufa yule mkongwe. Hafsa alikaa chini kando yake na kilemba chake... la, leso yake, naandika ovyo. Alijifunika leso usoni akalia. Sijawahi kumsikia Hafsa akilia kwa sauti. Niliumia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye: niliumia sana.

Bila shaka wa kulaumiwa ni Tembo.

Jumamosi, 31 Mei

Tumezika majike karibu wote. Shimo refu, chokaa juu. Twaiba ndiye aliyechimba nami, hakunitazama. Alipomaliza alisema tu kuwa Septemba ipo kila mwaka, akaingia ndani.

Hafsa amekwenda kwa mamake, huko Bongwe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema ugonjwa hakuuogopa, alichoogopa ni ujanja wangu, kwani ugonjwa una chanjo. Daktari alikuwa karibu akafunga kisanduku chake, akatikisa kichwa kukubali. Nani alimuuliza?

Jumamosi, 7 Juni. Idd

Nimeswali safu ya nyuma. Mbuzi wa Sefu walichinjwa, wote wana vyeti. Watu walimshukuru, naye akasema ni kazi ya Mungu, kwa ile sauti yake ya kinafiki. Mchana akaniletea sahani ya nyama mwenyewe mpaka mlangoni, akaniambia Idd mubarak kaka, pole kwa yaliyokufika. Kujionyesha tu! Nilikula kwa dharau. Nikaramba sahani kwa dharau.

Twaiba amerudi kutoka Bongwe na habari. Hafsa hajambo, lakini hataki kusikia jina langu. Mamake anafuga kuku na anataka kuwauza hotelini Diani. Daktari Winrose atakwenda Jumatano kuwapima kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kwa vijiti na mashine ileile. Mama mkwe hana raha, anaogopa majibu.

Hii ndiyo nafasi yangu! Nikimwokoa mama mkwe, Hafsa atarudi. Nimekaa nikafikiri sana, na kosa langu nimelijua. Nilichagua mbuzi walionona. Walionona ndio wenye ugonjwa! Yule mkongwe aliyekohoa ndiye aliyekuwa msafi. Sayansi yenyewe imesema.

Jioni nimeazima jogoo mmoja Msambweni. Amekonda hadi mifupa. Anakoroma vizuri, anaharisha kijani, na shingo imepinda kabisa, anatazama mbingu kama shekhe. Mwenye jogoo alikubali kabla sijamaliza kuomba. Kesho kabla jua halijachomoza namtia bandani kwa mama mkwe, katikati ya wenzake, na Hafsa haambiwi.