Silinda Nane za Kiponda

Redio ya Janet ilikuwa haijamaliza kusoma bei mpya za petroli, na tayari Mangi alikuwa ameweka kikombe chini ili apate mikono miwili ya kulaumia serikali.

"Imepanda tena," alisema. "Juzi walisema imepanda kwa sababu ya vita. Vita vikatulia, wakasema ni dola. Dola ikitulia watasema ni mimi."

"Wewe petroli yakuhusu nini, na una baiskeli?" Seif akamuuliza.

"Baiskeli yenyewe ililetwa na lori."

Mabenchi mawili, meko moja na dele la kahawa chungu, hicho ndicho kijiwe cha mtaa wa Muyeye. Alasiri watu huja hapo kuendesha nchi. Mangi, mkulima wa Ganze aliyekuja mjini kumtembelea mwanawe akasahau kurudi, jina lake hapo ni Bajeti, kwa sababu anajua kila shilingi ya serikali ilikopotelea, ila ya kahawa yake hajui iliko. Seif ni Wakili. Aliwahi kwenda kortini siku moja kutoa ushahidi wa mbuzi, na tangu hapo husimama akitaka kusema. Janet ni Spika, kwa sababu kahawa ni yake na upawa ni wake.

Kabla Mangi hajafika kwenye madeni ya nje, sauti nzito ikaja kutoka barabara ya juu, kuku wakakimbia, na gari jeupe likaingia uchochoroni likikaribia kuujaza kutoka ukuta hadi ukuta. Likasimama mbele ya meko. Kioo kikashuka polepole chenyewe. Aliyetokea humo ni Kiponda.

Kiponda ana tuktuk mbili. Moja anaendesha mwenyewe, ya pili anaendesha mkewe, Kabibi. Kijiweni wanamwita Gia Tano, kwa sababu tuktuk ina gia nne na yeye kila mara ametangulia mbele ya hapo.

"Shikamoo mzee Mangi."

"Marahaba. Umeajiriwa lini?"

"Sijaajiriwa. Gari langu."

Wote wakaligeukia gari. Kiponda alikuwa ameyangojea macho hayo tangu jana. Akashuka, akaacha injini inanguruma, ili wasikie.

"Silinda nane," alisema. "La Mtaliano mmoja wa kule ufuoni, anarudi kwao. Dalali ni Faiz wa Mambrui. Amenipa nilijaribu tangu jana, na alasiri hii anakuja tupeane funguo."

"Umelinunua kwa pesa gani?" Janet akauliza.

"Tunabadilishana. Mimi nachukua hili, wao wanachukua tuktuk."

"Tuktuk ipi?"

Kiponda akapangusa vumbi ambalo halikuwapo kwenye kioo. "Zote mbili."

Upawa wa Janet ukasimama hewani. "Na Kabibi amesemaje?"

"Kabibi atalikuta nyumbani limeegeshwa. Akiliona, hapatakuwa na haja ya maneno."

"Hapo umesema kweli," Mangi akasema. "Maneno hayatakuwapo. Kutakuwa na mwiko."

Kiponda hakucheka. Mambo haya alikuwa ameyapiga hesabu kitandani usiku kucha, mkewe amelala pembeni bila habari. Kubeba wageni. Marafa kutazama yale makorongo mekundu, Tsavo kutazama ndovu, uwanja wa ndege kupokea watu wenye masanduku ya magurudumu. Miaka kumi na mbili amebeba wanawake na matenga ya samaki, abiria wakimgongea bomba la tuktuk kwa pete za vidoleni wakitaka kushuka. Alitaka angalau mara moja maishani afungue mlango wenye uzito.

Seif akasimama. "Nina swali. Gari hili linakunywa vipi?"

"Nilijua mtauliza hilo. Watu wakiona gari kubwa wanadhani ni ngamia."

"Ngamia hunywa mara moja akakaa wiki," Mangi akasema. "Usimkosee heshima."

"Sikilizeni basi. Kile kigari cha Kahonzi cha kubebea miraa, ile Probox, kinakwenda kilomita ngapi kwa lita?"

"Kumi na tatu, kumi na nne, akiwa hakubeba," Seif akajibu.

"Hili ni kumi na nane."

Seif akaketi, kisha akasimama tena. "Silinda nane, kilomita kumi na nane."

"Sisemi mimi. Gari lenyewe linasema. Njoo uone." Akawaonyesha pale nyuma ya usukani, kwenye kioo kidogo chenye maandishi ya kwao Mtaliano, nambari ikiwaka buluu: 18. "Faiz aliniambia: usitazame mshale wa mafuta, ule una kasoro, hushuka upesi. Tazama nambari."

"Mshale una kasoro ya kushuka," Mangi akarudia polepole. "Na huo mshale unaposhuka, ukienda kituoni kujaza, petroli haiingii?"

"Sijajaza. Alinipa likiwa na nusu tangi. Jana nimekwenda nalo Ganze kupitia Kilifi, nikarudi. Leo Watamu, kisha Mambrui, kisha nikazunguka mji."

"Ganze ulikwenda kufanya nini?"

"Kulionyesha."

"Watu wa kwetu hawana maji, wewe umewapelekea gari la kutazama."

"Mzee, acha siasa. Nataka niwape ajabu moja." Kiponda akaegemea mlango, akateremsha sauti. "Gari za kawaida ukizikimbiza zinakunywa zaidi, sivyo? Hili kinyume. Nikienda pole, kumi na nne, kumi na tano. Nikikanyaga, ishirini. Na kile kipande cha kupanda kwenda Ganze, vilima vile, nimekanyaga mpaka chini, lilifika thelathini na moja."

"Ukipanda mlima?"

"Nikipanda mlima. Nikiteremka, nambari inaanguka mpaka tatu. Teremko ndilo linalonila. Kwa hivyo jana nilipokuwa nikirudi, kila teremko nilikanyaga, nisipate hasara."

Mangi alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mahindi yake yameota yakielekea chini.

"Mwenehu, ndugu yangu," alisema, "mimi nimepanda vilima vile na gunia la makaa juu ya baiskeli. Nikipanda, namaliza kidumu cha maji. Nikiteremka sinywi hata tone, napiga mluzi. Wewe una chombo ambacho kikipanda kinashiba na kikiteremka kina kiu?"

"Ni teknolojia, mzee."

"Tufanye ushahidi," Seif akasema, na mlango alikuwa ameshaufungua.

Seif na Mangi wakaingia, na Janet akaingia na upawa wake, akisema kahawa haitaibwa kwa dakika tano na ikiibwa anamjua mwizi. Wakatoka mpaka barabara kubwa. Kiponda akakanyaga. Gari likaruka mbele, Mangi akashika mkanda kwa mikono yote miwili, na nambari ikapanda: ishirini na mbili, ishirini na sita.

"Mwaiona?"

"Naiona," Seif akasema. "Na nilipokuwa sijapanda ilikuwa kumi na nane."

"Mzigo unalipendeza," Mangi akasema kutoka nyuma. "Tukiingia Muyeye nzima, litaanza kututilia sisi petroli. Tutakuja na vidumu."

"Mnacheka. Kesho mtaniomba niwapeleke harusini."

"Harusini tutakwenda. Upitie vilimani, tupate faida."

Walipogeuza, Janet, aliyekuwa kiti cha mbele, aliutazama mshale. Hakuwa amewahi kuendesha chochote ila meko, lakini alijua kitu kilicholala chini kabisa kina maana gani. Waliporudi kijiweni alishuka wa kwanza akaanza kumimina kahawa, na Kiponda akaliacha gari likinguruma vilevile, kiyoyozi kikipuliza viti vitupu.

"Haya, tuache mafuta," Seif akasema. "Plagi za tuktuk yako ni ngapi?"

"Moja."

"Hili?"

"Nane."

"Oili?"

"Dumu mbili hivi."

"Tairi moja la hili ni tairi tatu za tuktuk na la akiba juu yake, na bado hujamlipa wa kufunga. Bima nayo. Taa moja ya mbele ikipasuka, unauza kitanda. Sasa mgeni wa Marafa anakuja mara ngapi kwa mwezi?"

"Watakuja. Watu hupenda gari zuri."

"Wanapenda. Mimi pia nalipenda. Nalipenda likiwa la mtu mwingine."

"Nyinyi mmezoea kukaa benchini," Kiponda akasema, na sasa sauti ilikuwa imekaza. "Mtu akijaribu kuinuka mnamshika kanzu. Kabibi kila jioni mgongo unamuuma kwa ile tuktuk. Mimi nataka akae nyumbani apumzike. Gari hili moja litafanya kazi ya mbili, tena kwa mafuta kidogo. Silinda hizi nane zina..."

Hawakupata kujua zina nini. Gari lilikohoa mara moja, likatikisika, likanyamaza. Kiyoyozi kikanyamaza. Nambari ya buluu ikabaki hapo sekunde mbili, tatu, kisha nayo ikaenda.

Kwa mara ya kwanza alasiri ile kila mtu alisikia kahawa ikitokota.

"Ni mshale," Kiponda akasema.

Mangi akakohoa kikombeni. "Mshale umeharibika vizuri sana."

Kiponda alikuwa bado anazungusha ufunguo, na gari likijibu kwa mguno wa mbuzi mwenye mafua, wakati tuktuk ya buluu ilipokata kona. Aliijua kabla ya kuiona, kwa mlio. Dereva alikuwa Kabibi, kitambaa kichwani, uso umekunjwa kwa jua. Nyuma, amekaa kama bwana harusi, na bahasha mapajani, alikuwa Faiz dalali.

"Ndiye huyu," Faiz akamwambia Kabibi, akinyoosha kidole. "Nisubiri kidogo, dada. Namaliza sasa hivi."

"Sina haraka," Kabibi akasema. "Hii ndiyo tuktuk unayokuja kuichukua, nitakwenda wapi?"

Faiz akageuka. Akamtazama Kiponda, akamtazama Kabibi, akaitazama tuktuk kuanzia taa mpaka nyuma. Seif, kwa heshima ya mahakama, aliketi.

"Baba Easter," Kabibi akamwambia mumewe bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Huyu bwana nimempakia Mambrui. Njiani ana furaha, anasimulia. Kuna mtu wa Muyeye, ati, anatoa tuktuk mbili nzima nzima zinazoingiza riziki, anachukua lile jahazi la Mtaliano. Nikamuuliza, na wewe mwenye jahazi, mbona wapanda tuktuk? Akanambia, dada, lile gari nimekaa nalo miezi mitatu, nikilitoa mara moja napumzika wiki. Mafuta yake hayasemeki."

Kiponda akamgeukia Faiz. "Uliniambia kumi na nane."

"Nilikwambia utazame nambari."

"Kumi na nane kwa lita."

"Kwa lita sikusema. Hayo ulisema wewe, ukafurahi, mimi nikaona nisikuharibie furaha." Faiz alikuwa mwekundu masikioni. "Kule kwao Mtaliano huhesabu kinyume. Ni lita kumi na nane kwa kila kilomita mia."

Mangi alianza kuhesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja, akausimamisha juu ili wote wauone. "Kilomita tano na kitu. Kwa lita. Vilimani lita thelathini na moja. Na wewe kila teremko ulikanyaga."

"Nilikanyaga," Kiponda akasema.

Ndipo ilipomwingia yote kwa pamoja: yale materemko ya Ganze, upepo dirishani, yeye amekaza mguu na kuimba kwa faida aliyokuwa akiipata. Alitamani kukasirika lakini hakuwa na mahali pa kuiweka hasira. Kabibi hakuwa amemkemea. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na Kiponda aliona jinsi vidole vilivyotoka sugu, na akaona kwamba ile kazi aliyodhani anamwokoa nayo, alikuwa karibu kumnyang'anya bila kumuuliza.

Akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Faiz.

"Tuktuk haziuzwi. Si yangu, si yake."

"Mtaliano ataniuliza."

"Mwambie mshale ulikuwa mzima."

Faiz akalitazama gari, akafungua kinywa, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya bei wala mkataba. "Umebakisha mafuta?"

Janet ndiye aliyecheka kwanza, akamwaga kahawa mkononi, akaendelea kucheka. Faiz hakungoja jibu. Alirudi tuktuk akaketi palepale alipotoka. "Nirudishe Mambrui, dada. Nitalijia kesho na kidumu."

"Njoo na vidumu," Seif akamsahihisha.

Kiponda akainama aingie nyuma naye. Kabibi akanyoosha mkono akaziba njia.

"Wewe waenda wapi?"

"Nyumbani, Mama Easter."

"Mwenye tuktuk hupanda bure. Wewe hii ulishaitoa."

"Nimeghairi, mashahidi hawa hapa."

"Umeghairi yako. Yangu hukuwa na ruhusa ya kuitoa, kwa hivyo huna ruhusa ya kuighairi. Wewe hapa ni abiria, na abiria wangu hulipa kabla hajaketi."

Kiponda akapapasa mifuko. Tangu jana hakuwa amefanya kazi, alikuwa akitazamwa. Akamgeukia Seif, amtetee. Seif alikuwa amegundua kitu cha maana sana chini ya kikombe chake. Akamgeukia Faiz.

Faiz akamtazama Kabibi, akaona vile vidole kwenye usukani, akatoa noti. "Wawili," alisema.

Tuktuk ikaondoka, dalali na mteja wamebanana nyuma, kila mmoja akitazama upande wake. Gari jeupe likabaki limeziba uchochoro, jua la jioni likilipendeza.

"Na hili tulifanyeje?" Janet akauliza.

Mangi akalizunguka mara moja. Akaweka kikombe chake juu ya boneti, akaona kimekaa sawasawa, akavuta benchi karibu.

"Liache hapohapo," alisema. "Likiwa meza hivi, halinishindi kulihudumia hata mimi."