Nyumba Yote Yake, Yote Yangu

Ijumaa, 23 Aprili 1971
Jana redio ilitangaza serikali inachukua majumba ya kupangisha. Betri zikaisha kabla sijasikia mengine. Ya nini mengine? Nyumba yangu hapa Kanyenye ni ya kupangisha: vyumba vitatu vya udongo, bati, na mpangaji mmoja, Mzee Damas fundi viatu. Nimewaza kutwa nzima juu ya cherehani, nikamshonea mtu suruali mguu mmoja ndani nje. Lakini njia nimeipata. Nyumba ya watu wawili, nani ataichukua? Nitamwandikisha dada yangu Mwanahawa, mjane, yuko Bukene. Hana makuu.

Jumamosi, 24 Aprili
Kwa Anselm, karani anayetuandikia hati. Kasema njia ni mbili. Kwa hisa: kila mtu ana fungu lake, akifa linakwenda kwa warithi wake. Au kwa pamoja: hakuna fungu, kila mmoja ana nyumba nzima, na anayebaki hai hubaki nayo yote. Nikapiga hesabu upesi. Dada miaka sitini na tatu, kifua kibovu. Mimi arobaini na moja. Nikasema kwa pamoja, sisi ni ndugu. Anselm akanisifu kwa mapenzi yangu. Nikainamisha macho. Karatasi ya kutia dole gumba imeondoka kwenda Bukene na treni ya Mwanza.

Jumanne, 27 Aprili
Karatasi imerudi. Dada kaja nayo mwenyewe, na kitanda, kinu, na kuku wanne. Hili sikulifikiria! Nikamwamkia, nikamwonyesha chumba cha uani, nikamwambia nusu yako ndiyo hii. Akasema kasomewa karatasi pale stesheni: hakuna nusu, yote yake. Akaingia chumba cha mbele, kwenye cherehani yangu. Nikasema na yote yangu pia. Akajibu ndiyo, na bati linalovuja ni letu vilevile, basi nipande nikalizibe. Nikapanda. Nikaanguka.

Alhamisi, 29 Aprili
Mguu umevimba, niko kitandani. Dada hakohoi tena, hewa ya Kanyenye imemkubali. Kaniletea uji. Nikaanza kuwaza. Anayebaki hai hubaki nayo yote. Sheria haikusema lazima awe mdogo. Nikamwonjesha kuku kwanza. Kuku akataka tena.

Kumbe dada yupo mlangoni, kaona yote. Akakaa mkekani taratibu. Akasema nyumba anayo Bukene, kubwa kuliko hii. Alichokosa tangu mumewe afe ni mtu wa kumwambia shikamoo asubuhi. Kama namwogopa, atatia dole tena ajitoe. Nimeona haya, Mungu ndiye ajuaye. Nikanywa uji wote, pamoja na ule wa kuku.

Ijumaa, 30 Aprili
Mzee Damas kasoma gazeti la kufungia viatu. Majumba yanayochukuliwa ni yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Akautazama ukuta wetu, akacheka mpaka akakaa chini.

Dada akasema haya, twende kwa Anselm. Nikaenda nikichechemea. Dada akatia dole, akajitoa. Anselm akanipa karatasi nikaipeleke mahakamani. Nyumba yangu peke yangu tena! Njiani nilimtazama anavyotembea mbele yangu, anavyosimama kila mara kunisubiri na mguu wangu. Nikaichana ile karatasi. Nikamwambia ni upepo. Akasema leo hakuna upepo. Tukarudi nyumbani.

Jumapili, 2 Mei
Dada kapika wali na maharage, tumekula sinia moja. Raha. Halafu Mzee Damas akaaga, anahamia Kaliua kwa mwanawe, eti kuku wanampanda kitandani. Nimemhurumia sana, mzee wa watu, safari yote hiyo. Nimemsihi abaki, awe mwenye nyumba wa tatu. Dada kakubali, kafurahi, kasema nimekuwa mtu mzima. Kesho mapema tuko kwa Anselm. Kwa pamoja, si kwa hisa. Mzee Damas ana miaka sabini na moja. Nimemuuliza mara mbili.