Saa Inayotaka Mkono Juu

Jumatatu, 1 Machi 1954. Muleba.
Nimenunua saa! Ya mkono, imetumika kidogo tu, kwa maneno ya Saburi wa Bilele aliyeniuzia huko Bukoba. Jumapili washarika watapiga kura: nani apige kengele ya kanisa? Nathanael, anayeipiga sasa kwa kupima jua kwa migomba yake, au mimi, Buberwa, mtu mwenye saa? Kengele hiyo naitaka kuliko ng'ombe. Mpiga kengele hukaa benchi la mbele.

Jumanne, 2 Machi.
Nimeilinganisha na redio ya Ayubu mwenye duka. Imechelewa dakika ishirini! Nathanael alikuwepo. Aliuliza kama saa yangu imekuja kutoka Bukoba kwa miguu. Watu wakacheka. Nikacheka nao, kwa uchungu.

Jumatano, 3 Machi.
Nimeifungua kwa kisu cha kumenyea ndizi. Ndani mna kijiti cha kuongeza mwendo. Nimekisukuma. Saa nne ikafika kabla chai haijapoa! Nimekirudisha. Imechelewa tena, dakika zile zile ishirini. Sikati tamaa.

Alhamisi, 4 Machi.
Siri nimeipata! Mkono ukining'inia, saa inachelewa. Mkono ukiwa juu, inakwenda barabara. Nimeuinua tangu asubuhi, nikaenda kwenye redio mara tatu. Sawasawa! Mke wangu Kokubanza ameshauri niivue tu, niitundike kwenye msumari. Nimemweleza kwa upole kwamba saa ya mkono ni ya mkono.

Ijumaa, 5 Machi.
Mkono juu kutwa. Watu sita nisiowajua wameniitikia salamu. Lori la kahawa nalo likasimama, dereva akidhani naomba lifti. Niliona haya kukataa. Limenishusha Kamachumu. Nimerudi kwa miguu, mkono juu. Saa haikupoteza hata dakika!

Jumapili, 7 Machi.
Mchungaji alisema ataikagua saa yangu mwisho wa mkutano. Basi sikuthubutu kushusha mkono. Akauliza nani atajitolea kuezeka upya choo cha kanisa. Mkono ulikuwa mmoja. Akaandika jina langu, akanishukuru mbele ya wote. Kisha akauliza nani wanataka Nathanael aendelee na kengele. Akahesabu sita. Wanaomtaka Buberwa? Watano. Nilipolalamika kwamba mkono wangu bado uko juu, alisema mtu hapigi kura mara mbili.

Saa ilikaguliwa. Sahihi kabisa! Nathanael alikuja kunishukuru kwa kura yangu. Nilitamani kulia.

Jumatatu, 8 Machi.
Nathanael amepiga kengele alfajiri. Nimetazama saa: hakukosea hata kidogo. Nimekasirika sana. Bega linauma. Kokubanza amenionyesha msumari ukutani. Hajui mambo ya mashine. Nimekaa, nimefikiri, kosa nimeliona mwenyewe. Niliivaa mkono wa kulia. Kuanzia leo naivaa wa kushoto, na nitauinua juu zaidi.