Mume Wangu Si wa Themanini na Tisa

Kwa Mkurugenzi,
Jumuiya ya Mahakama Imara,
Washington.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni Marlys Tollefson, mke wa Seneta Verlyn Tollefson wa Dakota Kaskazini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kalamu yako nyekundu imepumzika kidogo, maana hapa kwetu imetutoa jasho.

Kila mwaka mnawapa maseneta alama kwa jinsi walivyopiga kura za kuwathibitisha majaji. Mwaka huu mume wangu mmempa themanini na tisa. Ameibandika karatasi yenu kwenye friji, pale zilipokuwa zikikaa ripoti za shule za watoto wetu. Asubuhi anasimama mbele yake na nguo za kulalia, maziwa mkononi. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Kuna kura moja mmemwekea kistari, na kistari hicho mmekihesabu kuwa kosa. Siku hiyo mume wangu alikuwa hospitali, amenishika mkono, natolewa kifuko cha nyongo. Nilipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Pole, Marlys. Wamemthibitisha jaji bila mimi." Sasa goti langu nalo linahitaji upasuaji, na amemuuliza daktari kama haliwezi kusubiri mpaka Seneti iende likizo. Daktari alicheka. Mume wangu hakucheka.

2. Jaji mmoja hupigiwa kura mara mbili, kwanza ya kufunga mjadala, kisha ya kumthibitisha, nanyi mnazihesabu zote mbili. Kwa hiyo seneta akiwakosea kwa jaji mmoja, amewakosea mara mbili. Mimi nikiunguza viazi hulaumiwa mara moja tu, tena watu wakishashiba.

3. Ugonjwa wenu unaambukiza. Siku hizi Verlyn anagawa alama kwa kila kitu. Mahubiri ya Jumapili aliyapa sabini na nne, akamwambia mchungaji palepale mlangoni, "Ulianza vizuri, baba, ila msimamo wako juu ya Yona hauko wazi." Mimi kwenye mapishi nina B. Mbwa wetu ana mia kamili, kwa sababu hajawahi kukosa kikao.

4. Hili ndilo lililonikalisha kuandika, hayo mengine ningeyameza. Jumanne ijayo Seneti inampigia kura Jaji Ardis Boe. Ardis ni mdogo wangu, tumbo moja, na hata Verlyn anakiri kwamba hakuna jaji mwenye haki kumshinda katika jimbo letu. Nyinyi mmetangaza kwamba kumkubali ni kosa, na kosa hilo litahesabiwa maradufu. Kisa? Aliamua kwamba mkulima mmoja, Bwana Knutson, asimwage maji ya mtaro wake kwenye shamba la jirani, nanyi mkaandika eti anachukia mali ya mtu binafsi. Jamani, kwani jirani si mtu binafsi?

Ardis alinipigia simu. "Dada, Verlyn ataweza kweli kunipa kura, au namtia matatani?" Nikamwambia, "Akikunyima, atalala gereji." Gereji yetu haina joto, na Februari huku ni theluji tupu. Jioni nikamuuliza Verlyn mezani. Akaligeukia friji, akalitazama, akaomba chumvi. Niliona aibu, Ndugu Mkurugenzi. Sijawahi kumwonea mume wangu aibu, hata siku aliyozama na gari ziwani kwa kuamini barafu ya juu ingelibeba.

Kwa hiyo naomba mfute alama hizi, zake na za wenzake wote. Seneta si mtoto wa darasa la pili. Mwacheni amtazame jaji aliye mbele yake, aamue kwa akili zake, alale usingizi. Na kama hamwezi kukaa bila kumpa alama, basi niachieni mimi kazi hiyo, maana mimi ndiye ninayeishi naye.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na huyo anayepiga hesabu za asilimia. Mwambie sina kinyongo, nyongo yenyewe ilishatolewa.

Wako kwa heshima, na kwa goti moja,
Bi. Marlys Tollefson

N.B. Nilikuwa nimeshatia sahihi, simu ikalia. Ni Joyce Pederson, mke wa seneta mwenzake Verlyn. Mume wake mmempa tisini na saba. Akaniambia kwa sauti laini kabisa, "Pole, shoga. Si kila mwanaume ana msimamo." Mimi, kupewa pole na Joyce!

Basi malalamiko ya hapo juu yaweke kando, isipokuwa lile la kistari, ambacho naomba kifutwe. Nimeshazungumza na Verlyn. Jumanne atamkataa Ardis, mara zote mbili. Ardis bado kijana, atateuliwa siku nyingine. Nataka kujua jambo moja tu: kwa kuwa kura hiyo inahesabiwa maradufu, tutampita Joyce? Ila tafadhali usinijibu kabla ya Jumatatu. Jumapili tumealikwa kwa Ardis, anampikia Verlyn chakula cha kumshukuru mapema.