Maji Yasiyomwagika

Jumatatu, 14 Agosti 1905

Balaa asubuhi asubuhi! Bwana Mkubwa wa boma amechungulia mapipa ya maji mwenyewe. Yote mawili nusu. Akaniita, akauliza mimi ni mnyapara wa maji au mnyapara wa matope. Nikamjibu kwamba maji huondoka mtoni yakiwa mengi, ila kilima hiki cha boma kinayanywa njiani. Hakucheka. Amenipa mpaka Jumamosi. Mapipa yasipojaa, kazi anapewa Bakili, na mimi natwishwa mzigo kwenda Kilwa na msafara wa kwanza.

Kilwa kwa miguu! Na mzigo! Mimi Kassimu bin Nassoro, niliyesoma, niliyetoka Tunduru na kanzu mbili! Shingo yangu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Mjomba alikwenda na msafara kama huo mwaka juzi. Tunamsubiri mpaka leo.

Bakili ni mnyapara wa kuni. Ni jirani yangu pia, kwa bahati mbaya. Kuni hazimwagiki, ndiyo maana anaonekana hodari. Jioni alipita kunipa pole, akakaa muda mrefu akiitazama fimbo yangu ya unyapara.

Nimeshuka mtoni kuchunguza. Watu wangu ni watu wa kodi, yaani wale walioshindwa kuwalipa Wadachi kwa rupia na sasa wanalipa kwa migongo. Wanateka vizuri. Debe linajaa mpaka mdomoni. Wakifika juu, nusu imewamwagikia mabegani. Ajabu ni kwamba wanawake wa mjini wanapanda njia ile ile na mitungi yao, na hawalowi. Nimewaona wakiweka majani mabichi juu ya maji. Urembo tu! Wanawake hupenda kupamba kila kitu. Tabu, mke wangu, alitaka kunieleza habari ya majani hayo wakati wa kula. Nikamwambia nina mambo mazito kichwani.

Jumanne, 15 Agosti

Nimepata! Kwa nini madebe mengi yapande kilima, wakati pipa ni la duara? Kitu cha duara hakibebwi. Kinajiendea chenyewe.

Tukateremsha pipa moja mpaka mtoni. Lilishuka vizuri sana, likanitia moyo. Tukalijaza, nikaliziba kwa kigingi na kitambaa, tukaanza kulisukuma kupanda. Hapa sielewi. Pipa lile lile, njia ile ile, duara lile lile, lakini kupanda halitaki! Watu walisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Katikati ya kilima nikawahurumia. Nikasema waachie kidogo wapanguse jasho.

Wakaachia.

Ya Rabi! Kadiri lilivyoshuka ndivyo lilivyozidi kwenda mbio, utadhani limesahau kitu mtoni. Nililikimbiza nikiliamuru lisimame. Njia inapinda kulia. Pipa halikupinda. Likaingia kwenye kuni za Bakili, alizokuwa amezipanga kwa siku kadhaa. Kuni zikatawanyika, pipa likapasuka.

Sasa boma lina pipa moja. Nimemweleza Ombasha Swalehe, mkuu wa zamu, kwamba kwa hesabu nzuri kazi yangu imepungua nusu. Akanishauri nisimwambie Bwana Mkubwa hivyo.

Jumatano, 16 Agosti

Leo Bruda mmoja wa misheni amekuja bomani kutengeneza jiwe la kunolea. Ni jiwe la duara, linazungushwa kwa mpini wa chuma, maji yakidondokea juu yake. Nikasogea kuangalia. Alipozungusha kwa kasi, maji yakaruka kutoka kwenye jiwe, mstari mnyoofu, mpaka kwenye kanzu yangu. Kanzu ya Ijumaa!

Bruda akaomba radhi. Ili kunifurahisha akachukua ndoo iliyojaa maji, akaizungusha kwa mkono, juu, chini, juu, chini. Ndoo inapinduka kabisa, mdomo chini, kitako juu, na hakuna tone linaloanguka! Nilikaa chini. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Kichwa kikaanza kuniuma. Jiwe likizunguka linatema maji. Ndoo ikizunguka inayashika. Mzunguko ni ule ule, Bruda ni yule yule. Nikamuuliza. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba kitu kinachokwenda hutaka kwenda moja kwa moja. Jiwe halina ukuta wa kuyazuia maji, basi yanakwenda zao. Ndoo ina kitako, na kitako kinayageuza kila mara. Yakienda mbio, hayapati nafasi ya kuanguka. Akasisitiza: mbio, mbio.

Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Baadaye nimetafakari mwenyewe, nikaelewa kuliko yeye. Maji yanapata kizunguzungu! Hayajui tena chini ni wapi. Na asiyejua chini ni wapi, ataangukaje huko?

Basi kazi imekwisha. Maji yasiyomwagika! Bakili atajijua na kuni zake.

Alhamisi, 17 Agosti

Mazoezi uani tangu alfajiri. Debe la mafuta ya taa, kamba ya mgomba, maji mpaka juu. Mara ya kwanza nililowa. Mara ya pili nililowa na kuku akalowa. Kisha nikapata kasi. Yakakaa! Nikamwita Tabu aje aone mume wake ni nani. Tabu alipotokeza kichwa mlangoni, kamba ikakatika.

Hapa tena sielewi. Debe lilikuwa juu ya kichwa changu. Kwa akili yangu, lilipaswa kwenda juu zaidi. Halikwenda. Au liniangukie. Halikuniangukia. Lilikwenda upande, moja kwa moja, likavuka ua wa matete na kuingia kwa Bakili kupitia paa. Bakili alikuwa anakula. Alitoka na mboga kwenye kofia na maneno ambayo sitayaandika.

Tabu alisema taratibu, "Baba Zena, weka majani tu." Nikamuuliza kama majani yanaunga kamba. Akanyamaza. Mtu akishindwa kwa hoja hunyamaza.

Mchana nikawafundisha watu wangu mtoni, safari hii kwa kamba za ngozi. Walikuwa wazito kama kawaida yao, mpaka walipoona debe limepinduka na maji yamekaa. Pankrasi, mtu wa Madaba aliyewahi kukaa misheni, akavua kofia. Akaniuliza kwa heshima zote maji haya ni ya kunywa au ya kunyunyiza. Nikamjibu ni ya kunywa, ila mpaka yafike bomani. Akauliza kama anayeyanywa naye haanguki. Nikamwambia kuanguka ni mambo ya pombe, maji hayajamwangusha mtu. Wakatazamana. Sijawahi kuona watu wakijifunza kwa bidii namna ile. Hata wapita njia walitua mizigo yao wakajifunza.

Jioni Ombasha Swalehe alikuwa na uso mbaya. Anasema huko Umatumbi watu wameinuka kupigana na serikali kwa sababu ya maji, na habari zimeanza kufika huku. Nikamwambia nawaelewa, hata mimi maji yamenitesa wiki nzima. Akanitazama sana. Akasema sivyo, wanapewa maji na waganga, na wakishayapata wanaamini risasi haziwaangushi. Nikamuuliza wanayabebaje. Akaondoka bila kuaga.

Jumapili, 20 Agosti

Siku mbili sikuandika. Kalamu ilikuwa nyumbani, mimi nilikuwa mahabusu. Ngoja niseme kwa utaratibu, ingawa mpaka sasa sielewi.

Ijumaa asubuhi tulipanda kilima. Mimi mbele. Nyuma yangu watu wa kodi, na wengine wengi ambao sikuwaita, kila mmoja anazungusha debe au kibuyu. Upepo unavuma vuu, vuu. Wakaanza kuimba kwa Kingoni, wimbo wa zamani wenye kukanyaga miguu chini. Nikafikiri ni wimbo wa kazi. Na hakuna tone chini! Nilisikia raha ajabu.

Tulipokaribia lango, tarumbeta ikalia. Askari wote wakapanda ukutani. Nikasema moyoni, hatimaye, heshima! Bwana Mkubwa akatoka bila kofia. Bunduki zikainuka, zikatuelekea. Nyuma yangu wimbo ukakatika. Nikasikia madebe yakianguka na miguu ikikimbia. Kutazama nyuma, kilima kitupu. Nimebaki peke yangu, nazungusha.

Ombasha akanipigia kelele niache. Ningependa sana kuacha! Lakini Bruda alinifundisha kuzungusha, hakunifundisha kusimamisha. Ukipunguza mwendo, maji yanakuangukia. Usipopunguza, unapigwa risasi. Niliendelea kuzungusha huku nikilifikiria jambo hilo, mpaka mkono ukaamua wenyewe. Maji yote kichwani, na debe likafuata.

Nilijua jambo ni kubwa kwa sababu hawakunichapa. Kosa dogo bomani ni viboko hamsa ishirini, unavaa nguo zako unakwenda. Mimi walinifunga mikono kwa upole. Jana wakanisimamisha mbele ya meza. Bwana Mkubwa akasema mimi ni mganga, nimetumwa kuwapa watu maji ili walivamie boma. Ombasha akaninong'oneza kwamba waganga hao wananyongwa.

Niliogopa. Naandika wazi: niliogopa sana. Nilimfikiria Tabu. Nilimfikiria Zena wetu, ambaye ndio kwanza anaota meno. Nikasema mimi si mganga, ni kizunguzungu tu. Mkalimani akatafsiri, Bwana Mkubwa akazidi kuwa mwekundu.

Akaamuru niletewe debe la maji, nimwonyeshe hayo maji yasiyoanguka. Mkono ulikuwa umevimba. Nikazungusha kinyonge, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Debe likafika juu. Maji yakashuka yote, nusu juu yangu, nusu juu ya karatasi na buti za Bwana Mkubwa.

Nikafumba macho, nikaanza kusoma shahada.

Nikasikia kicheko. Bwana Mkubwa alicheka mpaka akashika meza. Askari wakacheka, mkalimani akacheka, na Bakili, aliyekuwa anachungulia dirishani, akacheka kuliko wote. Hukumu ikatoka: huyu si mganga, huyu ni mpumbavu, maji yake hayawezi hata kukaa ndani ya debe. Nikafunguliwa. Viboko sikupigwa. Hata safari ya Kilwa imefutwa, maana Bwana Mkubwa amesema mzigo wowote nitaumwaga.

Nimerudi nyumbani sina kazi. Tabu alinishika mikono yote miwili, akanikalisha mkekani. Akasema, "Alhamdulillahi. Umezaliwa upya, Baba Zena. Sasa kaa ndani." Kisha akanisugua mkono kwa mafuta, na hakuniuliza lolote.

Jumatatu, 21 Agosti

Bakili ana fimbo yangu. Pipa limejaa pomoni kabla ya adhuhuri, na jingine jipya linatengenezwa. Watu wake wanapanda na madebe yaliyofunikwa majani. Majani! Mwanamume mzima anapamba madebe, na Bwana Mkubwa amempa mkono. Dunia imeharibika.

Sokoni hawaniachi. Muuza chumvi ameniuliza kama nimekauka. Wanawake wakinipita wanainua mkono na kuuzungusha. Mpumbavu, mbele ya boma zima! Afadhali wangeniita mganga. Tabu aliniambia nisitoke leo. Angejua walivyokuwa wananicheka, angeniambia nisitoke mwaka mzima.

Nikachukua debe, nikashuka mtoni peke yangu. Nikafikiri. Bruda alisema mbio. Juzi sikwenda mbio, kwa sababu ya uvimbe na hofu. Basi kosa halikuwa la maji! Nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Yakakaa. Nikazungusha tena na tena. Yakakaa, wallahi, bila hata tone kuanguka! Na kusimamisha nimejua: debe likishuka, unapiga hatua mbele nalo mpaka litulie.

Nilipotua debe nikaona matete yanatikisika. Akatoka Pankrasi. Nyuma yake watu wengi, wengine siwajui, wameshika mikuki, labda walikuwa wanatoka kuwinda. Walikuwa wameona yote. Pankrasi akanisalimu kwa mikono miwili. Akasema walijua tangu mwanzo kwamba siku ile niliwamwagia Wadachi maji kwa makusudi, ili niponyoke. Hakuna aliyenicheka. Hata mmoja! Nusura nilie.

Basi nimekata shauri. Kesho asubuhi, Bwana Mkubwa akiwa uwanjani na askari wote wamepanga mstari, napanda bomani na debe limejaa. Nitazungusha mbele yake, mbio, mpaka akiri mwenyewe kwamba maji yangu hayaanguki. Pankrasi na wenzake wamekubali kunisindikiza. Anasema watakuja wengi, hata wa kutoka Madaba. Nimewaambia waje mapema.

Nimemwambia Tabu anitolee kanzu safi, na kwa nini. Amekaa chini pale pale mlangoni, amempakata Zena, analia. Sikujua kama anaionea fahari kazi yangu kiasi hicho.